Dawa haiishi chupa ya dripu inapokauka

Ni saa za kuwatazama wagonjwa. Umeingia wadini na machungwa yako na chupa ya uji, ukamkuta ndugu yako amelala chali, mkono umenyooshwa, chupa ya maji imening'inia juu ya kitanda. Unaketi na kuyatazama matone. Yanaanguka polepole mno. Saa nzima inapita na chupa haijafika hata nusu. Muuguzi yuko upande ule mwingine wa wadi na wagonjwa ni wengi kuliko mikono yake. Basi mmoja wenu, yule ambaye katika kila ukoo hujifanya mjuaji, ananyoosha mkono na kukizungusha kile kigurudumu cha plastiki kilicho kwenye mrija. Matone yanaanza kukimbizana. Kila mtu anatosheka kwamba sasa dawa inaingia.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mjuaji huyo. Mgonjwa alikuwa mjomba wangu, na ndani ya chupa ile mlikuwa na kwinini. Muuguzi aliyepita alikirudisha kigurudumu mahali pake, akahesabu matone huku akiitazama saa yake ya mkononi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilitaka moyo wa mjomba usimame. Nilidhani ananitisha tu. Baadaye nilipowauliza madaktari niligundua kwamba hakuwa ametia chumvi hata kidogo.

Kuelewa sababu yake, msomaji, itakubidi kwanza uiache ile fikira ambayo wengi wetu tunayo, kwamba dawa ya dripu ni kama maji unayommiminia mtu kikombeni: ikiingia yote mapema ndivyo bora, na ikiisha chupani imekwisha. Mambo sivyo yalivyo.

Debe lililotoboka

Ukimeza kidonge, dawa hupitia tumboni na matumboni, nyingine ikapotea njiani, nyingine ikavunjwavunjwa na ini kabla haijaifikia damu. Kwa njia ya mshipa hakuna foleni hiyo. Kila tone huingia damuni lilivyo. Ndiyo maana dripu hutumiwa kwa mtu aliyezirai, anayetapika kila kitu, au ambaye ugonjwa wake hauwezi kungoja.

Lakini mwili nao haukai ukiiangalia dawa. Tangu tone la kwanza, ini huanza kuibadili na figo huanza kuitoa kwa njia ya mkojo. Chukua mfano wa debe uliloliweka chini ya bomba, na kumbe debe lenyewe lina tundu chini. Maji yanapokuwa machache, yanayovuja ni machache. Yanavyozidi kupanda ndivyo yanavyovuja kwa nguvu zaidi. Hatimaye hufika mahali ambapo yanayoingia ni sawa na yanayotoka, na hapo maji husimama katika kimo kimoja hata kama bomba halijafungwa. Damu ya mgonjwa aliye kwenye dripu ya mfululizo hufanya vivyo hivyo. Kiwango cha dawa hupanda haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha hutulia.

Hutulia baada ya muda gani? Wataalamu hupima kwa kutazama muda ambao mwili huchukua kupunguza dawa iliyomo damuni hadi nusu yake. Kila dawa ina muda wake, na muda huo ndio unaoamua takriban kila kitu katika habari hii. Baada ya muda mmoja kama huo, dripu ya mfululizo huwa imekifikisha kiwango katika asilimia 50 ya mahali kitakapotulia. Baada ya mara mbili ni asilimia 75, mara tatu ni karibu 88, mara nne ni karibu 94. Na bomba likifungwa, kiwango huteremka kwa hesabu hiyo hiyo: nusu, robo, thumni, na kuendelea.

Jambo ambalo huwashangaza watu ni kwamba kasi ya dripu haiubadilishi muda huu. Ukiongeza matone mara mbili, kiwango hakitatulia mapema. Kitatulia wakati ule ule, ila juu maradufu. Ni kama mtu aliyekuwa akienda Thika akapanda gari la Nyeri kwa sababu linakimbia zaidi. Thika atapita, naam, tena mapema, lakini gari halitasimama hapo.

Kwinini

Hakuna dawa inayoonyesha mambo haya vizuri kama kwinini. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo katika hospitali zetu kwa malaria kali, ile inayompotezea mtu fahamu, na wasomaji wengi waliopita umri wa miaka 30 wanaikumbuka, wao wenyewe au watoto wao. Siku hizi nafasi yake ya kwanza imechukuliwa na artesuneti, ambayo nitaifikia, lakini kwinini bado hutumiwa pale artesuneti inapokosekana.

Katika mtu mzima asiyeugua, kwinini hupungua nusu kwa muda wa saa 11 hivi. Katika mgonjwa wa malaria kali, ambaye ini lake limelemewa, muda huo hufika kama saa 18. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Ikiwa mgonjwa huyu angewekewa dripu ya mfululizo kwa kipimo cha kawaida tu, baada ya saa 18 angekuwa na nusu ya kiwango kilichokusudiwa. Baada ya saa 36, robo tatu. Angekaribia kiwango kamili baada ya saa 72, yaani siku 3. Malaria iliyopanda kichwani haingoji siku 3. Wengi wanaouawa nayo hufa katika siku ya kwanza au ya pili baada ya kufika hospitalini.

Kwa hiyo dozi ya kwanza huwa maradufu. Badala ya kungoja debe lijae kwa matone, daktari hulimiminia maji mengi mwanzoni ili lifike kwenye kimo kinachotakiwa, kisha hubaki kurudishia yale yanayovuja. Wazo hili lilijaribiwa nchini Thailand na kundi la madaktari akiwemo Nicholas White, na ripoti yao ikachapishwa mwaka wa 1983. Hapa kwetu, huko Kilifi, watafiti walilinganisha namna tatu za kuwapa watoto kwinini na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 1991. Kipimo kilichokuja kuzoeleka ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzani wa mgonjwa katika dozi ya kwanza, halafu miligramu 10 kwa kila kilo kila baada ya saa 8.

Mjomba wangu alikuwa na kilo 60 hivi. Dozi yake ya kwanza basi ilikuwa miligramu 1,200. Hizo hazikupaswa kuingia kwa mkupuo bali kwa muda wa saa 4, zikiwa zimechanganywa katika maji yenye sukari. Ikiwa chupa ni ya mililita 500, hiyo ni mililita 125 kwa saa. Mrija wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hiyo muuguzi alikuwa akitafuta matone 42 kwa dakika, si 40 kwa kukisia wala 80 kwa huruma. Ndiyo sababu alikuwa akiitazama saa.

Nilipokizungusha kigurudumu nikayafanya matone kuwa maradufu, nilikuwa nikimpa miligramu 10 kwa kila kilo katika kila saa, na mpaka ambao madaktari hawaupiti ni miligramu 5. Kumbuka kwamba dawa inapotoka kwenye mrija, haiko mwilini kote bado. Iko katika damu peke yake, na damu hiyo inaelekea moja kwa moja moyoni. Inahitaji muda ili isambae hadi kwenye misuli, ini na viungo vingine, na katika muda huo moyo ndio unaoonja ile iliyo kali. Kwinini ikiingia upesi hushusha presha ya damu ghafula na kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha. Dozi ile ile, kwa saa 4, humwokoa mtu. Kwa dakika chache yaweza kumuua. Wala hapajaongezeka hata tembe moja ya dawa.

Hesabu hii pia inaonyesha kwa nini daktari huuliza kwa mkazo kama mgonjwa alipata kwinini yoyote kabla ya kuletwa. Wengi wetu huficha. Tunaogopa kukaripiwa kwa kuwa tulipitia dukani au kwenye kliniki ya mtaani kwanza. Lakini ikiwa alidungwa kwinini ya kutosha jana usiku, leo asubuhi zaidi ya nusu yake ingalimo damuni, na kumpa dozi maradufu ni kumimina debe zima juu ya debe lililokwisha kufika nusu. Katika hali hiyo dozi ile kubwa ya mwanzo huachwa. Daktari hawezi kujua bila kuambiwa. Beba karatasi, beba pakiti tupu, beba hata ile chupa ndogo ya sindano uliyoikuta kwenye jalala la kliniki.

Baada ya mrija kutolewa

Chupa ikikauka, jamaa hupumua. Muuguzi ameondoa mrija, mgonjwa amekaa kitandani, ameomba chai. Lakini damu yake haijui kwamba chupa imekauka. Ikiwa muda wa nusu ni saa 18, basi kesho wakati kama huu bado atakuwa na zaidi ya thuluthi ya dawa, na keshokutwa bado atakuwa na zaidi ya sehemu moja katika kumi.

Ndiyo maana masikio huendelea kuvuma. Watu waliowahi kupata kwinini wanaijua sauti hiyo, kama mbu aliyejificha ndani ya sikio, pamoja na kizunguzungu na kichefuchefu. Inaudhi, lakini kwa kawaida huondoka dawa inapopungua. Lililo baya zaidi ni jambo lisilo na sauti. Kwinini huchochea kongosho kutoa insulini, na insulini hushusha sukari ya damu. Malaria yenyewe huishusha pia. Kwa hivyo mgonjwa aliyekuwa ameanza kupata nafuu, hasa mwanamke mjamzito au mtoto mdogo, akianza kutoa jasho jingi, kutetemeka, kusema maneno yasiyoeleweka au kulala usingizi usioamshika, usiseme "mwache apumzike, dawa ni kali". Mwite muuguzi mara moja apime sukari. Hilo laweza kutokea dripu ikiendelea na laweza kutokea ikiwa imekwisha kuondolewa.

Na ikiwa baada ya saa 48 mgonjwa bado hawezi kumeza, au figo zake zimeshindwa, madaktari huipunguza kwinini kwa thuluthi moja. Jamaa wakisikia dozi imepunguzwa huanza kunong'ona kwamba hospitali inabana dawa. La hasha. Tundu la debe limeziba kidogo, na asiyepunguza bomba atalifurisha.

Dawa za uzazi

Dripu zote hazifanani, na hapa ndipo wanaume tunaongoja nje ya wadi ya kujifungulia tunapokosea zaidi. Mama ambaye uchungu wake umelegea huenda akawekewa dripu yenye oksitosini, ambayo huufanya mfuko wa uzazi ukaze. Muda wake wa nusu ni dakika chache tu. Maana yake ni kwamba wauguzi wanaweza kuanza na kipimo kidogo sana, wakangoja kama nusu saa kuona uchungu unavyokuja, kisha wakaongeza. Maana yake pia ni kwamba ikiwa uchungu umekuwa wa mfululizo na moyo wa mtoto umeanza kudhoofika, wakikifunga kigurudumu, dawa huanza kuondoka damuni papo hapo. Kwao kigurudumu ni breki. Kwa jamaa aliyechoka kungoja, kigurudumu hicho hicho chaweza kuupasua mfuko wa uzazi au kumnyima mtoto hewa.

Magnesiamu salfeti ni hadithi nyingine, na inastahili kuelezwa kirefu kwa sababu inahusu ugonjwa unaowaua mama zetu, kifafa cha mimba. Mama presha yake hupanda, mkojo wake huwa na protini, uso na miguu huenda ikavimba, kichwa humuuma, macho huona vimulimuli, kisha huanguka na kutetemeka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2002 na kujulikana kwa jina la Magpie, uliowahusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Ni dawa rahisi na ya bei ya chini. Tatizo lake ni kwamba umbali kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru si mkubwa.

Hapa pia huanza kwa dozi kubwa: gramu 4 mshipani, taratibu, kwa muda wa dakika 5 hadi 20. Kisha, kwa wanaotumia dripu, hufuata gramu 1 kwa kila saa kwa saa 24. Hospitali nyingine hudunga matakoni kila baada ya saa 4 badala ya dripu. Dawa hii haivunjwi na ini. Njia yake ya kutoka ni moja, figo. Mama mwenye figo nzima huipunguza nusu kwa saa 4 au 5 hivi. Lakini kifafa cha mimba chenyewe hushambulia figo, kwa hiyo mama anayeihitaji dawa hii zaidi mara nyingi ndiye asiyeweza kuitoa. Muuguzi hana mashine ya kupima magnesiamu kando ya kitanda. Ana nyundo ndogo ya mpira, saa, na mfuko wa mkojo.

Anapomgonga mama gotini, anaangalia kama mguu unaruka. Magnesiamu ikizidi, mguu huacha kuruka kwanza, kabla pumzi haijaguswa, na hiyo ndiyo nafasi ya kuisimamisha dawa. Huhesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Hutazama mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Mkojo ukipungua, dawa huachwa au kucheleweshwa hata kama saa ya dozi imefika, kwa kuwa ile ya awali bado imo. Na pumzi zikilegea, kuna dawa ya kuizuia, kalisiamu glukoneti, gramu 1 ikidungwa mshipani polepole. Ukimwona muuguzi akimgonga shemeji yako magoti kila mara, usidhani anacheza. Na ukiombwa usimwage mkojo kabla haujapimwa, usiumwage.

Mtoto aliyetulia

Kuna jambo moja ambalo lile debe letu haliwezi kulieleza. Mtoto amepatwa na degedege, amedungwa dayazepamu mshipani, ametulia ndani ya dakika chache. Baada ya nusu saa anaanza tena. Mama anauliza mbona dawa imekwisha upesi hivyo, na anataka adungwe nyingine, na nyingine.

Dawa haikwisha. Dayazepamu huchukua siku moja au zaidi kupungua nusu. Kilichotokea ni kwamba ilipoingia damuni ilikimbilia ubongo kwanza, kwa sababu ubongo hupata damu nyingi, kisha ikaanza kuhama polepole kwenda kwenye misuli na mafuta ya mwili. Kiwango damuni kikashuka kwa kasi, si kwa kuwa imetoka bali kwa kuwa imejificha. Basi ni madebe mawili yaliyounganishwa kwa mrija. La kwanza linaonekana tupu, na la pili linaendelea kujaa. Ukidunga mara ya pili, ya tatu na ya nne, lile la pili hufurika, nayo dawa hukosa mahali pa kuhamia, ikabaki ubongoni na kuzima pumzi. Ndiyo sababu madaktari hawapiti dozi mbili, na degedege likiendelea hubadili dawa.

Wewe kando ya kitanda

Hapo wadini kuna mambo unayoweza kuyafanya bila kuwa mtaalamu. Tazama kipande cha plasta kilichobandikwa kwenye chupa. Kwa kawaida huandikwa dawa iliyotiwa, wakati ilipoanza, na pengine idadi ya matone. Ikiwa hakuna plasta, uliza kilichomo. Una haki ya kuuliza. Ikiwa matone yamesimama kabisa, ikiwa mkono umevimba pale sindano ilipoingia au mgonjwa analalamika kwamba panachoma, ita. Usiukamue mrija wala kuiinua chupa juu ya kichwa chako.

Kuna kosa jingine la wenye nia njema. Mgonjwa amepelekwa kupigwa picha ya eksirei, dripu ikafungwa kwa saa nzima, na aliporudi jamaa wakaifungulia kabisa ili ilipize muda uliopotea. Damu hailipizi muda. Muuguzi ndiye atakayehesabu upya, na huenda akaamua kwamba saa hiyo iliyopotea ipotee tu.

Na wale wanaokwenda kliniki za mitaani kuomba dripu "ya kutia nguvu" kwa sababu wamechoka na kazi, nawaachia hesabu moja. Chupa ya mililita 500 ya maji yenye glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 kwa kawaida ina zaidi ya hapo, tena haikutoboi mshipa.

Artesuneti

Nimesema kwamba kwinini imepokonywa nafasi yake. Mwaka wa 2010 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliowahusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Kati ya waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9. Kati ya waliotibiwa kwa artesuneti walikufa asilimia 8.5. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 walionusurika zaidi ni 2 au 3. Kwa mzazi hakuna hesabu ndogo hapo.

Artesuneti haihitaji dripu ya saa 4. Hudungwa mshipani polepole kwa dakika moja au mbili, au kwenye msuli: dozi ya kwanza mgonjwa anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku. Wasomaji watauliza, mbona hii inaruhusiwa kuingia haraka na ile hairuhusiwi? Kwa sababu haiushiki moyo kama kwinini. Na katika damu mwenendo wake ni kinyume kabisa. Mwili huigeuza kwa dakika chache kuwa dawa nyingine inayofanya kazi, nayo hiyo hupungua nusu kwa muda wa chini ya saa moja hivi. Baada ya saa 8 imebaki kama alama tu. Huua vimelea vingi sana kwa muda mfupi, vikiwemo vile vichanga ambavyo havijapata nafasi ya kung'ang'ania kwenye mishipa midogo ya ubongo, kisha huondoka.

Hapo ndipo penye mtego. Mgonjwa wa artesuneti huamka upesi. Siku ya pili anaweza kula, ya tatu anadai nguo zake. Tofauti na yule wa kwinini, yeye hana akiba ya sindano damuni, na vimelea vichache vilivyosalia huwa havina wa kuvizuia. Kwa hiyo baada ya sindano kutolewa kwa angalau saa 24, na mgonjwa anapoweza kumeza, hupewa vidonge vya mseto kwa siku 3 kamili, asubuhi na jioni, dozi 6 kwa jumla kwa ile aina inayotumiwa zaidi hapa nchini. Kimojawapo cha viungo vyake, lumefantrini, huchukua siku kadhaa kupungua nusu, na ndicho kinachobaki kulinda. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au kikombe cha maziwa, la sivyo sehemu kubwa hupita tumboni bila kuifikia damu. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, katikati ya shughuli za kulipa bili na kutafuta teksi, pakiti hiyo ndiyo husahaulika juu ya kabati dogo kando ya kitanda.